Ukuta wa Vipande

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakijijengea nyumba, Nyani alichonga mawe ya jumba lake, na vipande vilivyovunjika akavitupa mlangoni kwa jirani yake, Mama Pimbi.

"Bwana Nyani, wanangu watapita wapi?" Pimbi aliuliza.

"Takataka hizo nimekupa. Ukipenda, zitafune!"

Pimbi hakuwa na wa kumsemea. Aliokota kipande kimoja kimoja, akakigeuzageuza mpaka kikakaa vizuri na mwenzake, na kiangazi kilipokwisha alikuwa amezungusha ukuta kwenye pango lake. Masika yakaja. Mafuriko yakalibomoa jumba la Nyani, lakini ukuta wa Pimbi haukutikisika.

Nyani akaenda kushtaki kwa Nyati, mwamuzi wa bonde lile.

"Mawe yalitoka kwa nani?" Nyati aliuliza.

"Kwa Nyani, mzee," Pimbi alijibu, "lakini aliyatupa. Kazi ya kuyapanga niliifanya mimi."

"Mawe ninayaona. Kazi yako siioni. Ukuta ni wa Nyani."

Pimbi akamwachia Nyani ukuta pamoja na pango, akatoka na wanawe mvuani. Nyuma yake alimsikia Nyani akiwasimulia wageni jinsi ujenzi ule ulivyomchubua vidole, nao wageni wakampa pole.