Nusutropiki ya Kiseke

Fundi Chenge aliishusha patasi kabla haijaligusa jiwe.

"Mzee, neno hili hapana. Mwalimu Wilhelmina alinifundisha jiografia kidato cha pili. Nikilichonga nitamtazama vipi?"

"Chonga," Nestory alisema. "Nusutropiki. Ni neno moja, usiliachanishe."

"Lakini nusutropiki ni kule mbali, nje kidogo ya tropiki, kwenye majira ya baridi. Sisi hapa Kiseke ikweta tukiipigia mluzi inageuka."

"Umefaulu. Sasa chonga."

Neno hilo Nestory aliliokota kwenye kivuko cha Sengerema, alipokuwa fundi wa injini. Alidai kuwa ziwa linapooza nusu ya joto, kwa hiyo tropiki inayobaki ni nusu. Yeye mwenyewe hakuliamini hata siku moja. Alichopenda ni kumwona mkewe, Mwalimu Wilhelmina, akiacha kila kitu, mwiko bado mkononi, aje kumsahihisha.

"Nusu ya nini, baba Hellen? Ya akili?"

Mwaka ule wa malaria kali, Wilhelmina akiwa hawezi kuinua hata kikombe, Nestory alisimama mlangoni akalitamka. Mgonjwa akaketi kitandani, akaomba miwani yake.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu mkewe hajamsemesha. Nestory alikuwa amelisema neno lile sebuleni, akalisema jikoni, akalisema hata chini ya dirisha la chumba chao. Hakuna aliyetoka na mwiko.

"Baba, watu watatucheka," binti yao Hellen alisema wakati wakilipakia jiwe kwenye guta.

"Wacheke. Mama yako hajawahi kuliacha neno hili lipite. Akilisoma tu, atainuka."

Hellen aliikaza kamba ya jiwe. Akaanza kulisukuma guta.

Nyumbani, Chenge alilisimika jiwe nyuma ya nyumba, penye mgomba. Alilipima kwa timazi mara mbili, akafuta vumbi kwenye herufi, akaaga kwa sauti ya chini.

Nestory alingoja hatua zake zipotee. Ndipo alipotoa miwani ya mkewe mfukoni, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka juu ya kaburi, karibu kabisa na jiwe.

Akavuta kigoda, akakaa kusubiri kusahihishwa.