Shimo la Makumbi

"Leo jua na mwezi wanavuta kamba upande mmoja," mama mdogo alimwambia Mize asubuhi. "Bahari itakwenda mbali. Wahi kabla hawajaiachia."

Mize akatembea juu ya mchanga unaoonekana siku za bamvua tu, maji yanapokupwa mbali kabisa, mpaka kwenye duara la mawe. Hapo marehemu mama yake alifukia makumbi ya nazi yaoze, apate nyuzi za kusokotea kamba. Makumbi yameiva, mwenyewe hayupo.

Alifukua kwa mikono. Nyuzi zilitoka ndefu, laini kama nywele zilizooshwa. Akazilaza mapajani, akaanza kuzisuka, kama alivyokuwa akimsuka mama yake nywele kila Alhamisi.

"Mize! Maji yanarudi!" mama mdogo aliita kutoka ufukweni.

"Bado upande mmoja wa kichwa!" akajibu, maji yakimfika kiunoni pale alipokaa.