Komeo la Fisi

Sikilizeni hii; ni fupi kama mkia wa Punda wangu.

Ndani ya seli moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, waliishi wanyama watatu. Kima alilinda utando uliozunguka seli, akiamua nani aingie na nani atoke. Punda alisaga sukari kutwa ili nyumba nzima ipate nguvu. Fisi alikula takataka zote, lakini alizilia chumbani, mlango ukiwa na komeo kwa ndani.

"Mwenzetu anaringa," Punda akamlalamikia Kima. "Sisi tunatoka jasho, yeye kajifungia kama mwari!"

"Kamuulize kwa adabu," Kima akasema.

Punda akaenda. "Hodi! Toka ule nasi uwanjani, ndugu yangu."

"Ahsante, humu mnanitosha," Fisi akajibu.

"Dharau hiyo!" Punda akageuka, akaupiga mlango teke. Ubao ukapasuka. Kufumba na kufumbua, Fisi kachomoka, nusu ya mkia wa Punda haipo, na mate ya Fisi yanatoboa sakafu.

Fisi akarudi ndani mbio, akaliziba tundu kwa mgongo wake.

"Nisamehe," akasema akihema. "Meno yangu hayajui kutofautisha takataka na jirani."

Punda akaleta ubao mpya bila kuambiwa. Alipomaliza kuugongomea, akauliza taratibu, "Basi nikufungie kwa nje?"

"Hapana, kaka. Komeo niachie mimi. Tangu tuwe majirani sijalisahau hata siku moja."