Kijiti Kilichokauka

Kila nyumba hupewa kijiti kimoja tu cha kupimia maji kila miaka kumi, na bila kijiti kinachofanya kazi bomba halifunguki. Lusinde na mkewe walipokwenda Kondoa kumuuguza shemeji, Lusinde ndiye aliyekipangusa vizuri, akakifunga kwenye khanga, akakiweka kabatini.

Waliporudi baada ya miezi saba, bomba liligoma.

"Baba Semeni, hukukiacha kwenye chupa ya dawa yake ya kukilowesha?" mkewe aliuliza. "Ncha ikikauka imekufa."

"Nilidhani unyevu utakiozesha."

Binti yao Semeni alikuwa aje kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Lusinde alimpigia simu mwenyewe, akamweleza kwamba nyumbani hakuna maji.

"Basi nitajifungulia huku ukweni, baba," alisema binti.

Mkewe akaanza kukunja nepi walizokuwa wamemwandalia mjukuu. Lusinde akamsaidia.