Barafu ya Ubuyu

Nyuma ya vyoo vya uwanja, Tunu, nahodha wa timu ya kikapu ya chuo, alimbandika Bupe barafu ya ubuyu kwenye paji la uso. Ugonjwa wa mlipuko ulishawarudisha wenzao saba nyumbani. Walibaki wasichana watano, na timu ya watu wanne isingeruhusiwa kuanza fainali.

"Barafu inaliwa, kapteni, haipakwi," Bupe alisema huku akitetemeka.

"Utaila tukishinda. Tulia."

"Na kama ni ugonjwa wenyewe?"

"Ni malaria yako ya kila mwaka," Tunu alijibu bila kumtazama.

Alimfuta tone jekundu lililofika kwenye nyusi, wakakimbilia mlangoni. Muuguzi aliyekuwa akipima kila anayeingia alimwelekezea Bupe kipimajoto kwenye paji la uso, akakisoma, akakisoma tena.

"Thelathini na sita. Pita, mwanangu."

Ndani hakukuwa na shabiki hata mmoja. Wasichana wakasimama duara kama walivyofanya kabla ya kila mchezo, na Tunu akatanguliza mkono wake katikati. Bupe akaweka wake juu yake. Nagai, aliyekuwa akilala chumba kimoja na bibi yake, akaweka wa tatu, akashtuka. Mkono wa Bupe ulikuwa unaunguza. Nagai akamtazama nahodha wake, akisubiri aseme neno.

Mikono miwili iliyobaki ikashuka juu yao. Refa akapuliza filimbi. Chini kabisa, vidole vya Tunu vilikuwa bado vyekundu kwa ubuyu.