Bei ya Vitunguu ya Leo

Saa moja asubuhi simu ya Shamsa iliita, kama ilivyoita kila siku kwa miaka kumi na minne. Alikuwa Bi Mwanaidi, muuza vitunguu wa sokoni.

"Gunia limepanda, mwanangu. Elfu tisini."

Shamsa aliiandika bei kwenye kiganja cha kushoto, kama desturi yake. Tovuti yake ya habari za biashara ilianza hivyo, kwa bei ya vitunguu tu, kabla haijawa na waandishi ishirini, kabla haijauzwa. Sasa ofisini viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Nasoro, fundi aliyetumwa na wenye mali wapya, alikuwa ameshaizima tovuti tangu jana.

"Utaiweka saa ngapi?" Bi Mwanaidi aliuliza. "Wateja wananibishia hapa. Wanasema mpaka waione kwako."

"Naiweka sasa hivi, mama."

Akakata simu. Nasoro aliinama, akaendelea kukunja waya ambao alikuwa ameshaukunja.

Shamsa alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba. Mkono wa kulia aliuweka chini ya maji. Wa kushoto ulibaki umefumbwa kifuani, na maji yakaendelea kumwagika.