Ngazi Sita Zilizobaki

"Mwenyewe!" alifoka binti yangu wa miaka miwili, akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. Zilibaki ngazi sita tufike mlangoni kwetu.

Nyuma yetu muuza gesi alikuwa akihema, mtungi begani. Mama mkwe, aliyekuwa kati yetu na yeye, akaja juu kwa hasira. "Si umbebe! Mwenzio anaumia na mtungi!"

"Mwenye haraka apitie dirishani, mama."

Hapo hapo mguu wa mtoto ukateleza. Goti likagonga saruji, likachubuka, damu ikachungulia. Mikono yangu ikamrukia.

Akaitazama mikono hiyo kwa macho makavu. "Mwenyewe."

Nikairudisha mikono mgongoni, nikaifungia huko kama mahabusu. Akainua goti lile lile.

Mama mkwe akajaribu kupenya ubavuni mwangu amwokoe mjukuu wake.

Nikatanua viwiko.